Si Wangenipa Mimi Huo Mshahara

Jumamosi ya tarehe 20 Januari 2024, saa mbili na nusu usiku, tulikuwa tumebanana ndani ya banda la mpira Kariobangi South, Nairobi, lile la mabati ambalo mvua ikinyesha humsikii mtangazaji. Kiingilio shilingi 50. Brentford walikuwa wanacheza na Nottingham Forest, mechi ambayo siku nyingine isingejaza hata benchi la mbele. Siku hiyo watu walisimama hadi mlangoni, kwa sababu Ivan Toney, mshambuliaji wa Brentford, alikuwa anarudi uwanjani baada ya kufungiwa miezi minane kwa kubeti.

Forest walitangulia mapema kabisa. Dakika ya 19 Brentford wakapata mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari. Toney akausogeza mpira kidogo, akalisogeza na lile povu ambalo refa hupulizia kuonyesha mahali pa mpira, akapiga. Mpira ukapita kando ya ukuta, wavuni. Banda zima likalipuka, hata sisi wa Arsenal ambao mechi haikutuhusu.

Kelele zilipotulia, jamaa aliyekaa nyuma yangu akasema, "Huyu saa hii angekuwa na mabao ishirini. Unalipwa doo yote hiyo halafu unaenda kubeti? Si wangenipa mimi huo mshahara!" Watu wakacheka. Mzee mmoja karibu na runinga akatia methali: "Maskini akipata matako hulia mbwata." Wakacheka zaidi. Na mimi nikatia langu, kwa sauti, ili lisikike: wakinipa mshahara wake wa wiki moja tu, hamtaniona hapa tena, na mtu mwenye pesa hizo akiharibu maisha yake kwa kamari, asihurumiwe.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kushoto kwangu. Hakucheka. Nilidhani ni uchovu, maana alikuwa ameshinda mjengoni Ruai tangu alfajiri.

Miezi saba baadaye, Agosti, aliniambia kwamba usiku ule alikuwa ameshaamua kunieleza. Alikuwa amepanga maneno. Tungetoka bandani, tungetembea hadi Outering, na kabla hatujavuka barabara angeniambia kwamba karo ya chuo cha ufundi ambayo Mama alituma kutoka nyumbani, shilingi 48,000, ilikuwa imeisha kwa usiku mbili kwenye ule mchezo wa kubeti wa ndege inayopaa kwenye simu. Kwamba Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ilikuwa imejaa. Kwamba kulikuwa na mikopo mingine ya programu za simu ambayo hata majina yake hakuyakumbuka yote. "Halafu nikakusikia, Dada," alisema. "Nikaona ningoje kidogo."

Alingoja miezi saba. Katika miezi hiyo deni lilizaa wajukuu.

Ndiyo sababu naandika haya. Nimeshabikia mpira tangu nikiwa msichana wa darasa la nne, na sijawahi kuandika habari za mpira, lakini jambo hili limenikaa kooni. Maneno tunayomrushia mchezaji tajiri aliyenaswa na uraibu hayamfikii yeye. Toney hakutusikia kule London. Aliyetusikia ni aliyekuwa kwenye benchi letu, goti lake likigusa langu.

Niliyajua haya zamani, ndilo linaloniuma. Niliyajua kupitia kwa Anko.

Anko ni kaka yake Mama, na ndiye aliyenifanya niwe wa Arsenal. Aliishi Jericho, chumba kimoja katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, na alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, ila siku ya mshahara hakurudi. Watoto wa Jericho walikuwa wanaiga mwendo wake. Mimi mwenyewe niliwahi kuuiga, na wenzangu wakanipigia makofi. Mtaani hakuitwa kwa jina lake, aliitwa kwa jina la kinywaji.

Ukutani, juu ya kitanda, alikuwa amebandika picha aliyoikata gazetini: Tony Adams, nahodha wa Arsenal, mikono wazi. Nilidhani ameibandika kwa sababu ya lile bao la tarehe 3 Mei 1998, Arsenal ilipowachapa Everton 4-0 na kutwaa ubingwa. Beki mwenzake Steve Bould alimrushia mpira juu ya mabeki, Adams akaupokea na kupiga kwa mguu wa kushoto, kisha akasimama tu kama mtu aliyefika nyumbani. Anko alipenda kulisimulia bao hilo, kila mara kwa mikono, huku akibana sauti kama mtangazaji.

Lakini picha ilikuwa ya kabla ya hapo. Ilikuwa ya mwaka 1996. Mwezi Septemba mwaka huo, miezi michache baada ya kuiongoza Uingereza kwenye Kombe la Ulaya mbele ya watu wao wenyewe, Adams aliwaambia wenzake kambini kwamba yeye ni mlevi. Hakusema kwamba anapenda bia, wala kwamba siku fulani alizidisha. Alisema ni mlevi. Na hakuwa mtu asiyejulikana kwa hilo: Desemba 1990 alifungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa na kugonga ukuta, akakaa ndani takriban miezi miwili, akatoka, akarudi kuwa nahodha, akaendelea kunywa.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza Anko kwa nini Adams na si Ian Wright, kwa maana sisi wote tulimpenda Wright. Aliniambia hivi, na nimeyashika maneno yake neno kwa neno: "Huyu ni kapteni. Kapteni wa Arsenal, kapteni wa Uingereza. Akisema yeye ni mlevi, mimi ni nani nikatae?"

Anko hakuacha pombe siku ile. Aliacha, akarudia, akaacha, akarudia. Kiwanda kilimfukuza. Mara ya mwisho alipoacha alianza kwenda jioni kwenye mkutano wa walevi walioamua kuacha, wanaoketi kwenye duara na kusema majina yao, na huko akashika. Alifariki mwaka 2016 kwa ugonjwa usiohusiana na pombe, akiwa amekaa miaka tisa bila tone. Katika mazishi, jirani mmoja wa Jericho alimwita kwa jina lake halisi, na ndugu zangu wadogo wakaulizana ni nani huyo anayezikwa.

Kwa hiyo nilipoketi Kariobangi usiku ule na kusema asihurumiwe, nilikuwa mpwa wa mtu aliyeokolewa na ungamo la mchezaji tajiri. Sikuunganisha. Nadhani kwa Adams nilikuwa na huruma kwa sababu ni wetu. Toney hakuwa wetu.

Naielewa hasira ya banda. Sitaki msomaji aniweke upande wa wale wanaotoka nje ya Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki ya Nairobi, na kuwaambia watu wa Eastlands wasione uchungu. Chukua mchezaji anayelipwa pauni 100,000 kwa wiki, na wako wengi Uingereza. Kwa thamani ya sasa hizo ni zaidi ya shilingi milioni 16. Kijana wa mjengo anayepata shilingi 600 kwa siku angehitaji kufanya kazi kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, kwa zaidi ya miaka 73, ili apate mshahara wa wiki moja ya mchezaji huyo. Siku 7 kwa miaka 73. Mtu akiona hesabu hiyo halafu asikie kwamba mwenye pesa hizo anazitupa, lazima kitu kimchome. Anaona maisha ambayo angeweza kuyajenga: nyumba ya Mama, karo ya watoto, duka, shamba. Anaona mtu anayechoma moto chakula mbele ya mwenye njaa.

Ila hasira hiyo ina kosa moja ndani yake, na ni kosa la kuijua pesa kutoka upande mmoja tu. Sisi tusio nayo tunaiona pesa kama dawa. Karibu kila tatizo letu kweli lingepona kwa pesa, kwa hiyo tunadhani hakuna tatizo ambalo haliponi kwayo. Mraibu wa kamari, kwake pesa si dawa. Ni kuni. Ukimwongezea, unaongeza moto. Paul Merson, aliyecheza Arsenal wakati mmoja na Adams, alijitokeza Novemba 1994 na kusema ametekwa na pombe, kokeini na kamari, vyote vitatu. Alipelekwa kutibiwa kwa wiki sita, akarudi uwanjani Februari 1995. Pombe na kokeini zina mahali pa kuishia, maana mwili hukataa. Kamari haikumkataa. Amesema mwenyewe hadharani kwamba ilimla takriban pauni milioni 7, na ilimwandama miaka mingi baada ya kustaafu. Angekuwa analipwa nusu ya alicholipwa, angepoteza nusu.

Mdogo wangu alinieleza jambo lilelile kwa shilingi. Nilimuuliza swali la kijinga ambalo kila mtu huuliza: mbona hukuacha uliposhinda? Kwa maana aliwahi kushinda, shilingi 21,000, usiku mmoja. Akaniangalia kama mtu anayetafuta namna ya kumweleza kipofu rangi. Akasema siku aliyoshinda ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu tangu hapo kila alipopoteza alijua kwamba pesa ziko mle ndani, amekwisha kuziona. Na kupoteza kwa karibu kulimvuta zaidi kuliko kupoteza kwa mbali. Mkeka, yaani beti, wa timu nane ukichanikia timu ya nane, dakika ya 90, hakujiona ameshindwa. Alijiona amebakisha kidogo.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chao cha kutambua magonjwa, waliihamisha kamari kutoka kwenye sura ya tabia za kushindwa kujizuia na kuiweka sura moja na pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linaitambua kuwa ugonjwa. Haya si maoni ya mtu mlegevu anayetaka kumtetea mchezaji wake. Hata tume iliyomhukumu Toney ililikubali. Alikiri makosa 232 ya kuvunja sheria za kubeti, mengine mazito, kwa maana kati ya mechi alizobetia zilikuwemo ambazo alibeti klabu yake mwenyewe ya wakati huo ishindwe wakati yeye hayumo kikosini. Daktari wa akili akaeleza kwamba ni mraibu wa kamari. Tume ikapunguza adhabu kutoka miezi 11 hadi minane kwa sababu hiyo. Miezi mitatu, kwa ugonjwa. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo siku nzima, kwa sababu watu walioketi kumhukumu walimhesabia kitu ambacho sisi bandani hatukumhesabia hata dakika.

Mimi sisemi asingefungiwa. Alistahili. Mchezaji akibeti mechi za klabu yake, anaiba kutoka kwa kila mtu anayelipa shilingi 50 akiamini anachokiona. Adhabu ni jambo moja na dharau ni jingine, na adhabu ina mwisho, ina tarehe, mtu anajua ataitoka lini.

Mashabiki wa Newcastle walilielewa hili kwa namna iliyonishangaza. Sandro Tonali alifika kwao kutoka AC Milan Julai 2023, na kabla Oktoba haijaisha akafungiwa miezi 10 kwa kubeti, pamoja na miezi minane ya tiba na mikutano 16 ya kuwaeleza watu, hasa vijana, yaliyomkuta. Walikuwa wamemnunua kwa pesa nyingi sana na walikuwa hawajamfaidi. Wangekuwa na kila sababu ya kumrarua. Siku chache kabla ya adhabu kutangazwa, habari zikiwa zimeshaenea, aliingia kutoka benchi dhidi ya Crystal Palace, na uwanja mzima ukamshangilia kwa kusimama. Mdogo wangu aliiona hiyo video. Aliniambia aliitazama mara nyingi kuliko bao lolote.

Kuna unafiki mwingine ambao sisi mashabiki hatupendi kuutaja, nao ni kwamba uraibu tunaupenda sana unapofunga mabao. Merson alikuwa akifunga, anasherehekea kwa kuiga mtu anayegida bia, chupa baada ya chupa, na majukwaa yanafurahi. Paul Gascoigne wa Uingereza alifunga dhidi ya Scotland tarehe 15 Juni 1996, moja ya mabao mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, kisha akalala chali nyasini mdomo wazi ili wenzake wammiminie maji kama pombe, kwa maana magazeti yalikuwa yamewaandika kwa ulevi wao safarini kabla ya mashindano. Dunia ilicheka. Mimi pia nilicheka nilipoiona baadaye. Kila aliyefuatilia maisha ya Gascoigne miaka iliyofuata anajua kilichomkuta, na sasa siwezi kuitazama ile picha ya mdomo wazi bila kutamani mtu amwinue pale.

George Best, nyota wa Manchester United aliyetekwa na pombe, alifariki tarehe 25 Novemba 2005, miaka mitatu baada ya kuwekewa ini jipya, akiwa na miaka 59. Diego Maradona wa Argentina, aliyetekwa na kokeini na pombe, alifariki tarehe 25 Novemba 2020, akiwa na miaka 60. Tarehe moja, miaka 15 kati yao. Vituko vyao tulivisimulia kama hadithi za mashujaa hadi miili ikashindwa, ndipo tukaanza kusema walijiharibia.

Na jezi? Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Siku Toney aliporudi, kifuani mwake palikuwa pameandikwa Hollywoodbets, kampuni ya kubeti. Ndiyo jezi aliyoivaa hata kabla ya kufungiwa. Alitoka kwenye ligi za chini za Uingereza ambazo nazo zinabeba jina la kampuni ya kubeti, Sky Bet. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuziondoa kampuni hizo kifuani ifikapo mwisho wa msimu wa 2025-26. Kifuani tu.

Sisi tusiwacheke Waingereza kwa hilo. SportPesa, kampuni ya kubeti, ilianzia hapa Kenya mwaka 2014, na ndani ya miaka mitatu jina lake lilikuwa kifuani mwa Everton, baada ya kukaa vifuani mwa klabu zetu, Gor Mahia na AFC Leopards. Nakumbuka tulivyojivuna kwamba neno la Kiswahili linasomeka Goodison Park, uwanja wa Everton wakati huo. Tarehe 7 Julai 2019 Everton walikuja Kasarani wakacheza na Kariobangi Sharks, vijana wa mtaani kwetu, na Sharks wakawashinda kwa penalti. Sitaisahau siku hiyo, na sitaki kuichafua, kwa maana furaha ile ilikuwa ya kweli. Mdogo wangu alikuwa na miaka 15. Nilimpeleka mimi. Alirudi amevaa fulana ya bure yenye jina la kampuni, akaivaa hadi ikatoboka makwapani. Mwezi huohuo serikali ilikataa kuihuisha leseni ya kampuni hiyo pamoja na nyingine kadhaa, na ligi yetu ikabaki bila mdhamini. Tulilia kwa sababu ya vilabu, na vilabu kweli viliteseka. Sikumbuki mtu yeyote bandani akiwalilia waliokuwa wamekwisha kuzama.

Jambo moja bado linanisumbua, na silijui vizuri nilimalizeje. Ni habari ya Dele Alli, kiungo wa Uingereza.

Nairobi ilimjua Dele vizuri kwa sababu alikuwa mwenzake Mkenya wetu Victor Wanyama pale Tottenham. Wanyama akicheza, banda lilijaa hata kama Tottenham inacheza na nani. Msimu wa 2016-17 Dele alifunga mabao 18 ya ligi akiwa na miaka 20 na kidogo, akachaguliwa mchezaji bora chipukizi mara ya pili mfululizo. Halafu akaporomoka. Mwaka hadi mwaka tulimwona akipungua, na tulikuwa na maelezo tayari: mvivu, pesa zimemlevya, anawaza nguo na wanamitindo. Niliyasema hayo pia.

Julai 2023 alikaa na Gary Neville, mchezaji wa zamani, na kusimulia. Kwamba alidhalilishwa kingono akiwa na miaka 6. Kwamba alianza kuvuta sigara akiwa na miaka 7 na kuuza dawa za kulevya akiwa na miaka 8, hadi familia nyingine ilipomchukua akiwa na miaka 12. Kwamba alikuwa mtumwa wa dawa za usingizi, na ametoka kwenye kituo cha tiba Marekani kwa wiki sita. Bandani kulikuwa kimya siku ile simu zilipokuwa zinapitishwa mkono kwa mkono. Watu waliomtukana walitubu, na ninaamini walitubu kwa dhati.

Lakini nilijiuliza, na bado najiuliza: ilibidi atuonyeshe utoto wake ndipo tumwache? Kwa nini huruma yetu inadai kovu kwanza, na kovu lenyewe liwe kubwa vya kutosha? Mdogo wangu hana hadithi ya namna hiyo. Tulilelewa vizuri. Baba hakutupiga, Mama aliuza mboga akatusomesha, kanisani tulikwenda. Alipoanza kubeti alikuwa anafurahia mpira tu pamoja na wenzake, shilingi 50 kwa timu tatu. Hana cha kuwaonyesha watu wa bandani ili wamwelewe. Alinaswa, basi. Tukiwahurumia wale tu walioumizwa utotoni, wengine wote tunawaambia kwamba wao ni wajinga.

Nilipojua, sikuwa na busara. Nitalisema hilo. Nilipiga kelele, nilitaja Mama, nilitaja 48,000 kana kwamba yeye hakujua idadi yake. Ilipita wiki nzima kabla sijakumbuka Anko na duara lake. Nikapiga 1192, ile namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa maana sikujua pengine pa kuanzia, na ingawa nilifikiri wao ni wa pombe na mihadarati tu, mama aliyepokea alinisikiliza na kuniuliza maswali mazuri, likiwemo hili: nani anashika simu yake usiku? Sikuwa nimelifikiria. Mlevi ukimwondoa baa umemwondoa. Mdogo wangu baa yake imo mfukoni, na humo ndimo ulimo mshahara wake, nauli yake na picha za Mama.

Kwa hiyo tukaanzia hapo. Laini yake ya M-Pesa naishika mimi. Fuliza ilifungwa. Akapata mshauri anayemwona kila Alhamisi jioni katika ukumbi wa kanisa, pamoja na wengine sita, mmoja wao ni mwalimu mkuu mstaafu. Mikopo tumelipa mingi, si yote. Alirudia mara moja, Novemba, kwa simu ya mwenzake wa mjengo, akaja akaniambia usiku huohuo bila kungoja. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikidhibiti michezo ya kubahatisha iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, moja moja, kama mgonjwa aliyepewa likizo ya maumivu.

Kwa muda mrefu hakwenda bandani. Jumamosi bandani watu wote wana mikeka, hata ukifumba macho unaisikia, kwa maana wanashangilia kona. Tulikuwa tunasikiliza matokeo nyumbani au hatusikilizi kabisa.

Halafu Machi 2025 Newcastle wakaingia fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Liverpool, Jumapili ya tarehe 16, saa moja na nusu jioni. Akaniomba twende. Sikutaka. Akasema anataka kumwona Tonali. Alizima simu akaitia ndani ya mkoba wangu, tukalipa shilingi mia moja ya watu wawili, tukaketi benchi la tatu kutoka nyuma.

Newcastle walishinda 2-1. Tonali alicheza kama mtu mwenye mapafu ya watu wawili. Kombe lilipoinuliwa, jamaa mmoja kando yetu, simjui, akamwelekezea kidole kwenye runinga: "Huyo si ndiye yule wa kubeti?"

"Ndiye," mdogo wangu akajibu. "Alikaa nje miezi kumi."

"Na anaupiga hivyo?" Jamaa akatikisa kichwa kwa mshangao, kisha akainama juu ya simu yake, akaangalia kitu, akamgeukia tena. "Wewe mkeka wako leo umeendaje?"

"Sina mkeka."

Jamaa akasogea kidogo ili apate kumpitishia karanga.